Wolai, na Tyubu ya Marehemu

Mtu aliyevaa tyubu ya kuvulia samaki huingia ziwani kinyumenyume. Ukijaribu kwenda mbele, yale mapezi ya mpira uliyofunga miguuni yanajikunja chini ya nyayo na unaanguka kifudifudi, kama nilivyoanguka mimi siku ya kwanza, mbele ya mwanamke aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja akinywa chai.

"Wewe rudi nyuma!" alinipigia kelele. "Nyuma, nyuma! Kama gari naingia gereji!"

Nilijiinua nikitema maji na nyasi za ziwani. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mama wa watoto watatu, nimevaa suruali ya mpira inayofika kifuani, mali ya marehemu ambaye sikuwahi kumwona. Nikageuka, nikamwelekezea mwanamke yule uso na ziwa mgongo, nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka maji yakanibeba. Hapo ndipo nilipojua kwamba mguu wangu hauumi.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Nimekulia kando ya Ziwa Tanganyika, lakini baba yangu alikuwa fundi cherehani, na mama alinunua samaki kwa wavuvi akawakaanga na kuwauza. Samaki nilimjua akiwa kwenye beseni, sikumjua akiwa majini. Mimi na mume wangu tulifika Toronto mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukapewa nyumba Lawrence Heights. Yeye alipata kazi kwenye kiwanda cha viti vya magari. Mimi niliingia kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, kukunja mashuka tangu asubuhi mpaka saa ya kutoka.

Kisha, majira ya baridi ya mwaka wetu wa tatu, niliteleza kituoni nikisubiri basi. Barafu ilikuwa imefunikwa na theluji mpya, nyeupe na laini, nami nilikuwa navuka kwenda kumsaidia mama mmoja aliyebeba mtoto. Nilisikia mfupa unavunjika kabla sijasikia maumivu. Ulivunjika chini kidogo ya goti la kulia. Walinipasua, wakaniwekea chuma, na nilipotolewa plasta miezi baadaye nilikuta mguu mwembamba kama wa mgonjwa wa muda mrefu, ngozi imepauka, paja limelegea. Nilitembea na mkongojo. Kazini waliniambia nipumzike, na mapumziko yakawa marefu mpaka nikaanza kuogopa kiti changu mwenyewe pale dirishani.

Yule dada wa mazoezi ya viungo hospitalini alikuwa akinirudia neno moja kila nilipokwenda: maji. Ingia kwenye maji, mama, mguu ufanye kazi bila kubeba uzito. Nilikwenda kwenye bwawa la kuogelea la mtaa mara moja tu. Harufu ya dawa ilinichoma pua, na lile vazi la kuogelea lilinifanya nitembee nimejikunyata kama mtu aliyeibiwa nguo. Sikurudi tena.

Jumapili moja, baada ya misa, tulikuwa tunakunywa kahawa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Nilikuwa nikimgombeza binti yangu kwa Kiswahili naye ananijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao watoto wa huku. Mwanamke mmoja Mgoa, mwenye nywele fupi za mvi na miwani yenye mnyororo, akasimama mbele yangu, machozi yanamlengalenga.

"Wewe nasema Kiswahili!" alisema. "Mimi nazaliwa Nairobi. Miaka mingi mimi hapana sikia mtu nagombeza mtoto namna hii."

Hivyo ndivyo nilivyompata Anti. Kila mtu kanisani alimwita Anti, nami nikamwita hivyo. Alikuwa karani wa ofisi Nairobi na kisha karani wa ofisi Toronto mpaka alipostaafu. Alikuwa mjane, anaishi peke yake Thornhill. Kiswahili chake alikiokota kwa yaya na sokoni, akakiacha vilevile alivyokiokota. Nilikipenda tangu siku ile. Hakikuwa na sarufi lakini kilikuwa na moyo, na kila alipokisema alionekana kijana.

Akaangalia mkongojo wangu. "Mguu yako nasema nini?"

Nikamweleza habari za chuma, za bwawa, za lile vazi. Alinisikiliza akitafuna biskuti. Kisha akasema, "Mimi iko na kiti ya kukaa ndani ya maji. Hapana vaa nguo kidogo. Navaa nguo mingi sana. Jumamosi mimi nakuja na gari."

Nilipomwambia mume wangu, aliweka kijiko chini.

"Mama," alisema, "umevunjika mguu kwenye maji yaliyoganda. Sasa unataka kuyafuata yale ambayo hayajaganda?"

"Ni kiti, Papa. Kinaelea."

"Hata boti inaelea. Tumeona wangapi wakizama?"

Lakini Jumamosi Anti alipofika, mume wangu alishuka mwenyewe mpaka kwenye gari, akaomba kukiona hicho kiti. Kilikuwa mpira wa ndani wa gurudumu la lori, umevalishwa turubai la kijani lenye mifuko ya kuwekea vitu. Katikati palishonwa kiti cha kitambaa kigumu chenye nafasi mbili za kupitisha miguu. Ukikaa, maji yanakufika kiunoni, miguu inaning'inia, mikono inabaki huru kushika fimbo ya kuvulia. Ukipiga mateke, unakwenda kwa mgongo. Mume wangu aliuminya mpira kwa goti, akaugeuza, akavuta kila mshono kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Mwishoni aliuliza kama kuna koti la kuokolea maisha. Anti akalitoa. Mume wangu akasema basi, mwende salama.

Vitu vyote vilikuwa vya marehemu mume wa Anti. Alikuwa ameviacha gerejini vimening'inia kwenye misumari, na Anti hakuwahi kuvigusa tangu mazishi. Bwana yule alipenda samaki mmoja tu, anayeitwa huku wolai, na alimfuata kwenye viziwa na mabwawa madogo ya kaskazini ya mji, mahali ambapo watu wenye boti kubwa hawajisumbui kwenda. Kwa miaka mingi Anti alikaa ufukweni na chai yake akimtazama. Hakuwahi kuingia hata kifundo cha mguu. Aliogopa maji tangu utotoni na hakuona haya kusema hivyo. Siku ile alinifunga kamba za yale mapezi miguuni tukiwa bado kwenye nyasi, mbali na maji.

Ziwa lenyewe lilikuwa dogo, mtu wa Uvira angeliita dimbwi. Upande mmoja lilizuiwa kwa ukuta wa saruji, upande wa pili matete, na katikati maji ya rangi ya chai ya rangi. Nilipokwisha kujifunza kuingia, nilijifunza jambo lingine: sikuweza kwenda moja kwa moja. Mguu wa kushoto ulisukuma kwa nguvu, wa kulia ukafuata kwa uvivu, na tyubu ikazunguka. Nilikuwa nazunguka pale kama jani, nikiwa na fimbo ya kuvulia mkononi, naona ukuta, naona matete, namwona Anti, naona ukuta tena.

"Wewe naenda wapi?" aliuliza.

"Siendi popote, Anti!"

"Vizuri! Kesho kutwa wewe nafika!"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na nilikumbuka baadaye kwamba sikuwa nimecheka tangu barafu.

Tulikwenda karibu kila Jumamosi majira yote ya joto. Anti alikuja na kiti chake, chai yake na sambusa za kima alizokaanga alfajiri. Alinifundisha kufunga ndoano, maana hayo aliyajua kwa kutazama. Ndoano ya wolai ina kichwa cha risasi, na chambo chake ni ruba. Ndiyo, ruba wale wale wanyonya damu, wanauzwa hai kwenye kikopo. Siku ya kwanza nilikataa kuwashika. Anti alisema, "Hata mimi hapana shika. Yule nashika ni yule iko ndani ya maji." Nikawashika.

Na kila Jumamosi alikuwa anatazama zile duara zangu. Mwanzoni zilikuwa ndogo kama meza. Mwezi mmoja baadaye Anti alinyanyua kikombe na kusema, "Leo duara iko kubwa." Nami nilikuwa nimehisi. Mguu wa kulia ulikuwa umeanza kujibu. Jioni paja liliwaka moto, nikalala kama gogo, na asubuhi nikaukuta mguu umenyooka zaidi kuliko jana yake. Duara zikawa kubwa kama nyumba, kisha kama uwanja wa mpira, na siku moja ya Agosti nilipiga mateke kutoka ukutani nikamtazama Anti bila kumwondoa machoni, akawa mdogo, mdogo, mpaka mgongo wangu ukagusa matete. Nilikuwa nimevuka ziwa zima kwa mstari mmoja. Anti alisimama akapiga makofi. Peke yake, ufuko mzima.

Lakini wolai sikumpata. Nilipata samaki wadogo wenye milia, wa kukaanga wawili watatu kwa mlo wa mtoto. Kanisani habari zilikuwa zimeenea. Wamama wa kwetu walisema, wakijua nasikia, kwamba mama mzima amekwenda kukaa ndani ya tyubu kama mtoto, na Mgoa anamshikia chai. Mmoja aliniuliza waziwazi, "Dada, kwani samaki wamekwisha dukani?" Ningemwambia nini? Kwamba ndani ya maji yale nilikuwa mtu mzima, na kwenye ngazi za nyumba yangu nilikuwa kiwete?

Badala yake nilianza kumfikiria yule samaki. Anti alikuwa amenieleza anachokijua: wolai ana macho makubwa yanayong'aa kama kioo, jua linamuumiza, kwa hiyo kukiwa kweupe anajificha chini na kukiwa na wingu anatoka. Mimi nikaongeza langu. Niliona kwamba siku za upepo vidagaa vya ziwa lile vilisukumwa na mawimbi madogo mpaka upande wa matete, na vilirukaruka pale kama mchanga uliotupwa. Mama yangu alikuwa akisema wanunuzi wajinga huwafuata wavuvi, wenye akili huangalia ndege wamekusanyika wapi. Ndege walikuwa kwenye matete.

Basi Jumamosi moja ya Septemba, mbingu imefunga, upepo unavuma, Anti akasema leo turudi, kubaya. Nikamwomba nusu saa. Niliingia, nikaacha kupiga mateke, nikauachia upepo unipeleke.

"Wewe naenda mbali!" alipiga kelele.

"Najua, Anti!"

Nilipofika karibu na matete niliteremsha ndoano mpaka ikagusa chini, nikaiinua kidogo, nikaiacha ishuke. Nikainua, nikaacha. Wolai hanyakui kama mwizi. Anagusa, ndivyo ninavyoweza kusema, kama mtu anayegusa bega lako kwa kidole kimoja akitaka kukuuliza njia. Nilisubiri kidogo kisha nikavuta.

Tyubu nzima iligeuka. Sikuwa nimetegemea hilo, kwamba samaki anaweza kumgeuza mwanamke mzima kama mlango. Alinivuta kuelekea matete nami nikapiga mateke kwa miguu yote miwili kurudi maji ya wazi. Fimbo ilipinda mpaka ncha ikaingia majini. Niliomba kwa sauti, kwa Kiswahili na Kifaransa na kilugha cha bibi yangu. Alipoibuka kando ya magoti yangu niliona kwanza jicho, jicho la rangi ya maziwa lenye taa ndani yake, kisha ubavu wa rangi ya dhahabu chafu, kisha doa jeupe kwenye ncha ya mkia. Nilimtia kwenye wavu. Pezi la mgongoni likanichoma kiganja, damu ikatoka, na sikujali hata kidogo.

Kurudi ufukweni ilikuwa dhidi ya upepo. Nilipiga mateke muda mrefu nikiwa nimempakata kwenye wavu. Nilipogeuza kichwa kumtafuta Anti nilimkuta karibu kuliko nilivyotazamia. Alikuwa amesimama ndani ya maji. Maji yalimfika katikati ya miguu, viatu vya kanisani viko miguuni, sketi imelowa, mikono miwili ameninyooshea.

"Nipe! Nipe yeye!"

Alimshika yule samaki kwa mikono yake mwenyewe. "Huyu ndiyo," alisema. "Huyu ndiyo yeye."

Nyumbani nilimkata, nikamkaanga kidogo, kisha nikamtia kwenye mawese na nyanya na kitunguu, nikasonga bugali. Nyama yake ni nyeupe, ngumu kiasi, haina matope. Mume wangu alichukua kichwa, akakifyonza mfupa kwa mfupa, akalamba vidole.

"Huyu ni ndugu yake sangala," alisema mwishowe. Kwa mtu wa Tanganyika hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Kisha akawageukia watoto. "Mnajua aliyemvua ni nani? Si baba yenu." Alilisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, na shingo yangu ilipata joto kama msichana.

Majira ya baridi yalifunga ziwa. Nilirudi kazini nikiwa sina mkongojo, nikakunja mashuka nikiwaza matete. Uvuvi wa wolai hufunguliwa mwezi wa Mei, na Jumamosi ya kwanza iliyoruhusiwa mimi na Anti tulikuwa pale asubuhi, miti ikiwa ndiyo kwanza inatoa majani. Maji yalikuwa baridi kiasi kwamba hata ndani ya mpira ule mzito miguu ilihisi kama imeshikwa na mikono ya mtu aliyetoka kushika theluji. Hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na mzungu mmoja wa makamo, mwenye kofia nyekundu, ambaye mwaka uliopita tulikuwa tunamwona na mtumbwi wake mwembamba. Hatukuwahi kusemezana. Alikuwa akiinua mkono, nami nainua wangu.

Upepo ulianza kuvuma nikiwa katikati ya ziwa, naye yuko mbele yangu upande wa matete. Nilikuwa nimeshaguswa na samaki. Nilivuta, na uzito niliousikia upande wa pili ulikuwa haujawahi kunipata: haukutetemeka, haukukimbia, ulikuwa unakwenda zake tu. Nilisema moyoni, huyu ndiye mama yao.

Hapo nikasikia kishindo, kama gunia limeangushwa majini. Hakukuwa na kelele. Nilipogeuka, mtumbwi ulikuwa umelala tumbo juu na kofia nyekundu inaelea peke yake. Kisha kichwa kikatoka. Alikuwa amesimama kwenye mtumbwi, alituambia baadaye, ili kumtia samaki kwenye wavu. Koti lake la kuokolea maisha alikuwa amelikalia.

Alijaribu kuushika mtumbwi, ukabiringika. Akajaribu tena, ukabiringika. Niliona mikono yake ikifanya kila jambo polepole, na nilijua baridi imeshaanza kumla. Ufukweni Anti alikuwa anapiga kelele. Hakukuwa na mtu mwingine.

Nilipiga mateke. Sijui ile fimbo niliiweka wapi, nadhani niliilaza mapajani. Upepo ulikuwa unanisaidia na nilimfikia upesi. Macho yake yalikuwa yamefunguka sana, akanirukia kifuani, tyubu ikainama, maji yakanimwagikia ndani ya suruali. Nikajua akinipanda tunazama wote.

"Ubavuni!" nilimpigia kelele kwa Kiswahili. "Shika ubavuni!" Ndipo nikakumbuka na kumwambia kwa Kiingereza. Nikamchukua mkono mimi mwenyewe, nikauingiza kwenye mkanda wa turubai upande wa kulia, nikauzungusha.

Anti alikuwa ananiita nirudi kwake. Lakini kwake kulikuwa mbali na dhidi ya upepo, na nilikuwa naujua upepo wa pale. Nilimpungia mkono kuelekea matete, nikaanza.

Tyubu ikazunguka. Uzito wake wote ulikuwa upande wa kulia, na kila nilipopiga mateke tulijipinda kumwelekea yeye. Nilielewa mara moja kinachotakiwa: mguu wa kulia ulipaswa kufanya kazi kuliko wa kushoto. Huo wenye chuma. Nikauambia, nadhani kwa sauti, haya sasa. Nikaupiga. Nikauacha wa kushoto upumzike nikaupiga wa kulia, tena, tena, tena, goti linaungua, paja linaungua, na tyubu ikanyooka. Tulikwenda. Yule bwana alikuwa anasema jambo lakini meno yake hayakumwachia neno. Nilimwambia, "Usilale, Papa, usilale," kama ninavyomwambia mume wangu anapoendesha gari usiku wa safari ndefu, naye alikuwa akinitazama kama anaelewa.

Mgongo wangu uligusa matete. Chini palikuwa na tope, mapezi yakazama humo, nikayavuta miguuni, nikavua tyubu, nikamshika bwana yule ukosi wa koti na kumkokota kwa makalio mpaka kwenye nyasi. Alikuwa mzito. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Sikuweza hata kumvua koti, vidole vyangu vilikuwa vya mbao.

Anti alifika akiwa ameizungusha gari kwenye kijia cha shamba ambacho hakikuwa cha magari. Alikuja na shuka la kukalia, koti lake, na chupa ya chai. Alimvua yule bwana koti na shati bila kumwomba ruhusa, akamfunika, tukamwingiza kiti cha nyuma na kuwasha joto mpaka mwisho.

"Na wewe!" akanigeukia. "Nasimama nini? Ingia gari!"

Tulimfikisha kwenye hospitali ya mji mdogo wa karibu. Muuguzi mmoja alitutazama sisi wawili, Anti na sketi yake ya matope, mimi na suruali ya mpira inayovuja sakafuni, akauliza ni nani aliyemtoa majini. Anti aliinua kidole chake akanielekezea. Alikuwa amenyoosha shingo kama mzazi siku ya kugawa zawadi shuleni.

Tulipokuwa njiani kurudi ziwani kuchukua vitu ndipo nilipokumbuka fimbo. Ilikuwa fimbo ya marehemu, aliyokuja nayo kutoka Nairobi, yenye kishikio cha mti alichokichonga mwenyewe. Haikuwa mapajani nilipofika kwenye matete. Yule samaki alikuwa bado yuko mwisho wa mshipi.

"Anti," nilisema. "Fimbo ya bwana. Imekwenda."

Taa ya gari ya kugeukia ilikuwa inalia tiki, tiki.

"Naenda na samaki?" aliuliza.

"Ndiyo. Imekwenda na samaki."

"Samaki kubwa?"

"Kubwa sana, Anti. Sijaona kama ile."

Akasimamisha gari pembeni mwa barabara. Aliweka mikono juu ya usukani, mabega yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, nikamshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka miwani ikamwanguka, na katikati ya kicheko akalia kweli, kisha akacheka tena.

"Miaka yote yeye natafuta hiyo samaki," alisema akijifuta. "Basi. Sasa iko pamoja."

Wiki mbili baadaye yule bwana alikuja ziwani na mkewe. Mkewe alinishika uso kwa mikono miwili na kunitazama, kisha akanibusu kwenye paji la uso, akamfanyia Anti naye hivyohivyo. Bwana mwenyewe alikuwa amevaa koti la kuokolea maisha, jipya, amelifunga mpaka shingoni. Aliniuliza, akicheka kidogo, wolai nawapata wapi. Nilimwonyesha matete. Mahali penyewe sikumwonyesha.

Nilinunua fimbo yangu ya kawaida, nikaendelea. Mwezi wa Juni mtoto wa jamaa yetu wa mtaa wa Regent Park alipokea komunyo ya kwanza, na karamu ikawa kwenye ukumbi wa chini wa jengo lao. Kila mama alipeleka chungu. Mimi nilipeleka wolai niliokuwa nimewaweka kwenye friza Jumamosi moja moja, nimewapika kwa mawese na pilipili, trei mbili zimejaa. Mume wangu aliibeba moja, mimi nikabeba nyingine, tukashuka ngazi.

Alikuwa ameshaanza kuwasimulia wanaume kabla hatujaweka chakula mezani. Kwenye hadithi yake ziwa lilikuwa kubwa kuliko Tanganyika, mawimbi yalifika kwenye paa, na yule bwana alikuwa mnene mara mbili. Nilimvuta shati. "Papa, si hivyo."

"Wewe ulikuwa unapiga mateke," alisema. "Utaonaje mawimbi?"

Mama mmoja mtu mzima, mgeni aliyefika kutoka Uvira mwaka ule ule, alikuwa ameketi mezani na sahani yake. Alionja kipande, akatulia, akaonja kingine. Alikuwa amefika huku na huzuni nyingi na hakuwa mtu wa kuongea.

"Samaki huyu si wa dukani," alisema. "Nani amevua?"

Wale wamama wa kanisani walikuwa wamesimama pale pale na vijiko mikononi.

"Mimi," nilisema.

Alinitazama toka juu mpaka miguuni, akatikisa kichwa taratibu kwa namna ya watu wetu wanapokubali jambo, akasogeza sahani yake. Nikamwongezea. Wengine nao wakasogeza zao, nikawagawia mpaka trei ikabaki mafuta, na binti yangu akaja mbio kutoka jikoni kuniambia kwamba bugali linaungua.